Ruzuku ya Kaya Maskini na Matunzo ya Mke na Mtoto: Wajibu Usiohamishika

Utangulizi

Katika sharika zetu za ukanda wa Pwani, kuanzia Bunju na Mapinga hadi Kerege, Zinga na Bagamoyo mjini, liko swali ambalo halimo katika kitabu cha ibada, lakini humfikia mchungaji mara kwa mara. Swali lenyewe ni hili: mama anayelea watoto peke yake, ambaye kaya yake imeandikishwa kupokea ruzuku ya serikali, je, bado ana haki ya kumdai matunzo mume aliyemtelekeza au baba wa watoto wake? Na akidai, je, afanya jambo lisilompasa mwanamke Mkristo?

Wengi hujibu haraka kwamba mama huyo amekwisha kusaidiwa, na kwamba yafaa amwachie Mungu yaliyobaki. Jibu hilo lina sauti ya upole, lakini halina haki ndani yake. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba ruzuku ni mkono wa jamii ulioongezwa juu ya wajibu wa mzazi, wala haikutolewa ili ikae mahali pa wajibu huo. Tutaeleza kwanza hali ya mambo ilivyo, kisha ruzuku inavyofanya kazi, kisha sheria ya nchi inavyosema juu ya matunzo. Baadaye tutayapima yote kwa Maandiko na kwa mapokeo ya Kanisa letu, na mwisho tutataja yale ambayo mchungaji na baraza la wazee wanaweza kuyatenda.

1. Hali ilivyo

Kata ya Kerege imo katika wilaya ya Bagamoyo, kando ya barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Bagamoyo. Upande mmoja iko bahari na uvuvi wake; upande wa pili yako mashamba ya mihogo, minazi na mikorosho. Tangu jiji lilipoanza kupanuka kuelekea kaskazini, ardhi nyingi iliyokuwa mashamba imekatwa viwanja na kuuzwa. Familia iliyouza shamba hupata fedha mara moja, na fedha hizo zikiisha hubaki bila shamba. Wanaume huenda kutafuta vibarua vya ujenzi, kuendesha bodaboda au kuuza mitumba Tegeta, Mwenge na Kariakoo. Wapo wanaorudi kila jioni, wapo wanaorudi mwisho wa mwezi, na wapo wasiorudi kabisa, ambao baada ya muda husikika kwamba wana nyumba nyingine huko waliko.

Jambo la pili ni kwamba Wakristo wa eneo hili huishi kama wachache miongoni mwa ndugu Waislamu. Ndoa za mseto zipo, na watu walioishi pamoja miaka mingi bila kufunga ndoa wapo pia. Kwa hiyo suala la matunzo haliwezi kushughulikiwa kana kwamba kila mume na kila mke ni washarika wetu, na kila ndoa imo katika daftari la usharika. Mtoto anayelala na njaa Kerege haulizi kwanza kama wazazi wake walioana kanisani, msikitini au bomani.

2. Ruzuku ni nini

Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, unaojulikana na wote kwa jina la TASAF, ulianzishwa mwaka 2000. Hapo mwanzo ulijishughulisha hasa na miradi ya vijiji: madarasa, zahanati, visima na barabara. Wazo la kuipa kaya maskini fedha mkononi lilijaribiwa kwanza katika wilaya tatu, nazo ni Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Vijiji 80 vilihusika. 40 vilichaguliwa kwa bahati nasibu vianze, na 40 vingine vikangoja ili matokeo yaweze kulinganishwa. Malipo ya kwanza yalitolewa Januari 2010. Kiasi kilikuwa kama dola 3 za Marekani kwa mwezi kwa mtoto, na dola 6 kwa mzee wa miaka 60 na zaidi, zikilipwa kila baada ya miezi miwili. Kwa hiyo wilaya ambayo Kerege imo ndani yake ni miongoni mwa mahali ambapo mpango huu ulizaliwa.

Watafiti waliofuatilia jaribio hilo hadi mwaka 2012 waliona mambo ya kutia moyo. Watoto wadogo waliugua siku chache zaidi kuliko wenzao. Familia nyingi zaidi zilijiunga na bima ya afya ya jamii, watoto wengi zaidi walivaa viatu, na kaya ziliongeza kuku na mbuzi. Hatuna budi kulitaja hili waziwazi, kwa sababu wako wanaodhani kwamba maskini akipewa fedha huzitapanya. Akina mama wa wilaya yetu walizigeuza kuwa bima, viatu na mifugo.

Agosti 2012 mpango ulizinduliwa kwa nchi nzima kwa jina la Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, na baadaye ukafikia kaya zaidi ya milioni moja. Awamu ya pili ilizinduliwa mwaka 2020. Kaya hutambuliwa na mkutano wa kijiji au mtaa, kisha hupimwa kwa maswali juu ya nyumba, mali na watu waliomo. Mpokeaji huwa mwanamke mara nyingi, kwa kuwa yeye ndiye anayepika, anayepeleka mtoto kliniki na anayejua daftari la nani limejaa.

Katika awamu ya kwanza viwango vilikuwa hivi. Kaya ilipata ruzuku ya msingi ya shilingi 10,000 kwa mwezi, na shilingi 4,000 ikiwa ina mtoto wa chini ya miaka 18. Yalikuwapo pia malipo yenye masharti: shilingi 4,000 kwa kaya yenye mtoto wa chini ya miaka mitano anayehudhuria kliniki, shilingi 2,000 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi, na shilingi 4,000 kwa kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza hadi cha nne. Jumla haikuruhusiwa kuzidi shilingi 38,000 kwa mwezi.

Na tuchukue mfano wa mama mwenye watoto watatu, wawili wakiwa shule ya msingi na mmoja sekondari. Kwa viwango hivyo alipata shilingi 10,000, na 4,000, na 4,000 kwa wale wawili, na 4,000 kwa yule mkubwa. Jumla shilingi 22,000. Ukizigawa kwa watu wanne ni shilingi 5,500 kwa kila mmoja kwa mwezi, yaani chini ya shilingi 200 kwa siku. Anayesema kwamba mama huyu amekwisha kusaidiwa na hana haja ya matunzo, na aikae kwanza hesabu hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana. Masharti yote ya ruzuku humwangukia mama. Mtoto asipohudhuria shule, au asipopelekwa kliniki, malipo ya kaya hupunguzwa. Mama ana masharti. Baba aliyeondoka hana sharti hata moja. Tena ruzuku ina mwanzo na mwisho. Mpango huenda kwa awamu, kaya huhakikiwa upya, na kaya iliyoonekana kupata nafuu huhitimu na kutoka katika orodha. Lakini hakuna mzazi anayehitimu uzazi kwa sababu orodha ya kijiji imebadilika.

3. Sheria inasema nini juu ya matunzo

Sheria mbili zatuhusu hapa, nazo ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Namba za vifungu tutakazozitaja ni za sheria hizo kama zilivyotungwa.

Kifungu cha 63 cha Sheria ya Ndoa chamwagiza mume kumpa mkewe au wakeze makao, mavazi na chakula kwa kadiri ya uwezo wake na hali yake. Sheria hiyo hiyo yamwagiza mke mwenye uwezo kumtunza mume ambaye ugonjwa au ulemavu umemnyima nguvu za kujitafutia riziki. Kwa hiyo matunzo hayakuwekwa ili kumkomoa mwanamume. Msingi wake ni kwamba waliooana wamefungwa pamoja, na mwenye nguvu humchukua asiye na nguvu.

Kifungu cha 115 chaipa mahakama uwezo wa kuamuru matunzo ya mke. Na hapa tunawaomba wasomaji watulie kidogo, kwa maana hapa ndipo ushauri wetu wa kichungaji hukosea mara nyingi. Mahakama yaweza kutoa amri hiyo wakati ndoa ingali hai, ikiwa mume amekataa au amezembea kumtunza mkewe, na pia ikiwa amemtelekeza, kwa muda wote wa utelekezaji huo. Maana yake ni kwamba mke hahitaji kuomba talaka kwanza ndipo adai chakula. Mchungaji anayemzuia mama asidai matunzo kwa kuhofu kwamba ndoa itavunjika, anamlinda na hatari ambayo dai hilo halikuileta. Mara nyingine amri ya matunzo ndiyo inayomkumbusha mume kwamba bado ana nyumba.

Wale walioishi pamoja bila kufunga ndoa hawakuachwa nje. Kifungu cha 160 chasema kwamba mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi, kwa namna ambayo jamii imewahesabu kuwa mume na mke, huchukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na hata ikithibitishwa kwamba hawakuoana, mahakama bado yaweza kuamuru matunzo ya mwanamke na ya watoto.

Juu ya mtoto, Sheria ya 2009 yaenda mbele zaidi. Yawaagiza wazazi na walezi kumpa mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu na malezi. Haitofautishi mtoto wa ndani ya ndoa na wa nje ya ndoa. Inafaa kukumbuka tulikotoka: mpaka sheria hii ilipotungwa, ilikuwapo sheria ya zamani, iliyorithiwa kutoka utawala wa kikoloni, ambayo kwa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ilikuwa na kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi. Kikomo hicho kimefutwa. Maombi ya matunzo yaweza kuletwa na mzazi, na mlezi, na ndugu wa mtoto, na afisa ustawi wa jamii, hata na mtoto mwenyewe kwa kupitia mtu wa kumsemea. Amri hudumu hadi mtoto afikie miaka 18, na yaweza kuendelea akiwa bado masomoni.

Je, mahakama hupimaje kiasi? Kifungu cha 44 chataja mambo ya kuangaliwa: kipato na mali za wazazi wote wawili; upungufu wowote wa uwezo wa kuchuma wa yule anayedaiwa; wajibu wake kwa watoto wengine alio nao; gharama za maisha mahali anapoishi mtoto; na haki za mtoto mwenyewe. Basi, baba maskini hadaiwi kama tajiri. Lakini kudaiwa kidogo si kutodaiwa. Mvuvi asiye na mshahara anaweza kutoa samaki na unga. Kibarua anaweza kutoa kidogo kila Jumamosi anapolipwa. Jambo ambalo sheria hailijui ni baba mwenye nguvu za kuchuma asiyetoa chochote.

Mtu aweza kuuliza kama ruzuku ya mama haihesabiwi kuwa kipato chake, na hivyo kumpunguzia baba mzigo. Tunajibu kwamba ruzuku hupewa kaya kwa sababu kaya hiyo imeonekana kukosa mahitaji ya lazima. Ni ushahidi wa upungufu. Kuitumia kama ushahidi wa utoshelevu ni kuligeuza jambo juu chini.

4. Yaliyotokea mahali pengine

Swali hili si letu peke yetu. Uingereza ilitunga mwaka 1991 sheria iliyomlazimu mzazi anayepokea msaada wa serikali kufuatilia matunzo ya mtoto kwa mzazi mwenziwe. Lakini matunzo yaliyopatikana yalikatwa katika msaada wake. Baba alilipa, na mtoto hakuona tofauti mezani. Fedha zilirudi hazina. Hivyo wazazi wengi hawakuona faida ya kudai wala ya kulipa. Sharti la kulazimishwa liliondolewa mwaka 2008, na tangu Aprili 2010 matunzo ya mtoto hayakatwi tena katika msaada huo. Jimbo la British Columbia nchini Kanada lilifanya vivyo hivyo Septemba 2015, baada ya akina mama kulalamika kwa miaka mingi.

Afrika ya Kusini nayo ilikuwa na ruzuku ambayo mwombaji alipaswa kwanza kuonyesha kwamba amejaribu kupata matunzo kwa baba wa mtoto akashindwa. Mwaka 1998 ruzuku hiyo ilianza kuondolewa, ikaletwa ruzuku mpya inayomfuata mtoto na umaskini wa mlezi wake. Mwaka huo huo Bunge lao lilitunga sheria mpya ya matunzo. Kwa njia hiyo mambo mawili yalisimama bega kwa bega: serikali ina deni lake kwa mtoto, na mzazi ana deni lake.

Tunajifunza nini hapa? Nchi hizo ziligundua kwamba fedha mbili zinapofanywa kuwa moja, anayepungukiwa ni mtoto. Kwetu ukataji huo huja kwa njia nyingine. Anayekata ni baba mwenyewe, anaposikia kwamba mama wa watoto wake ameandikishwa, akaacha kutuma hata kile kidogo alichokuwa akituma. Na sisi majirani, wazee wa usharika na watumishi, tukinyamaza au tukisema kwamba mama ana TASAF, tumeshika kisu pamoja naye. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo wa mama wa Kerege waonekana mwepesi machoni pa wote wasioubeba.

5. Maandiko na mapokeo yetu

Katika Kutoka 21:10-11 sheria ya Musa yamhusu mwanamke mnyonge kuliko wote, yaani mjakazi aliyeolewa. Mume akitwaa mke mwingine, hana ruhusa ya kumpunguzia yule wa kwanza chakula, mavazi wala haki ya ndoa. Asipomtimizia hayo, mwanamke yu huru kuondoka bila kulipa kitu. Tuangalie vizuri: nyumba mpya haikuhesabiwa kuwa udhuru wa kuiacha ya zamani na njaa. Udhuru huo huo ndio unaotolewa leo na wanaume waliohamia mjini.

Katika Mwanzo 21 Abrahamu, mtu mwenye mifugo na watumishi wengi, amtoa Hajiri na mwanawe kwa mkate na kiriba cha maji. Maji yaisha jangwani, na mama amlaza mtoto chini ya kijiti ili asimwone akifa. Simulizi halimtetei baba kwa maneno mengi. Lasema tu kwamba Mungu aliisikia sauti ya kijana. Habari za Hajiri na Ishmaeli zajulikana sana na jirani zetu Waislamu pia, na sheria yao nayo humwagiza baba kutoa riziki ya mama na mtoto kwa kadiri ya uwezo wake. Kwa hiyo tunapokaa na shehe au na wazee wa upande wa pili kuizungumzia familia ya mseto, hatuanzi tukiwa mbali.

Katika Marko 7:9-13 Bwana wetu awakemea watu waliotangaza mali yao kuwa Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, ili wasiwape wazazi wao. Neno hilo lahusu watoto kwa wazazi, lakini kanuni yake hukata pande zote mbili: sadaka haiwezi kuwa maficho ya kuukimbia wajibu kwa walio wa damu yako. Mtu aweza kutimiza ahadi yake yote ya mwaka, akachangia jengo na kwaya, huku mwanawe amerudishwa nyumbani kwa kukosa sare ya shule. Tukiipokea bahasha yake kwa shangwe bila kumuuliza habari za mtoto, tumeifanya madhabahu kuwa mlango wa kutorokea.

Mtume Paulo katika 1 Timotheo 5 ashughulikia jambo lililo karibu kabisa na letu. Kanisa lilikuwa na orodha ya wajane wa kutunzwa. Mtume aagiza kwamba mjane mwenye watoto au wajukuu atunzwe kwanza na hao. Kwamba mtu asiyewatunza walio wake ameikana imani. Na kwamba jamaa wachukue mzigo wao ili Kanisa liweze kuwasaidia walio wajane kweli kweli. Wengine huisoma sura hii kama ruhusa ya kuwapunguza maskini katika orodha. Lakini mkazo wake uko kwa jamaa mwenye uwezo anayekwepa. Yeye ndiye anayeambiwa neno zito. Mjane haadhibiwi kwa sababu ya uzembe wa jamaa zake.

Mapokeo ya Matengenezo yalishika njia hiyo hiyo. Mwaka 1523 usharika wa Leisnig katika Saksonia uliweka utaratibu wa sanduku la pamoja, na Martin Luther akauandikia dibaji. Wasimamizi 10 walichaguliwa kutoka kwa wakuu, baraza la mji, wenyeji wa mji na wakulima. Sanduku lilipaswa kuwasaidia yatima, wazee, wagonjwa, na walioanguka katika umaskini bila msaada wa jamaa wenye uwezo. Hapo twaona mambo mawili yakiwa pamoja: jamii yote yabeba wajibu wa kweli, na jamaa hawafutiwi wa kwao. Naye Luther mwaka mmoja kabla ya hapo, akiandika juu ya maisha ya ndoa, alimsifu baba anayefua nepi za mtoto huku watu wakimcheka, akisema kwamba Mungu na malaika wake humfurahia. Kwake malezi yalikuwa wito mtakatifu wa baba, na wito haukabidhiwi kwa mfuko wa serikali.

Yako pia mafundisho yetu ya tawala mbili. Mungu huutunza ulimwengu kwa mkono wa sheria na serikali, na huita watu wapate wokovu kwa Injili. Mama aendaye kwa hakimu hakuikimbia imani. Amekwenda mahali ambapo Mungu huyo huyo ameweka ulinzi wa mnyonge.

6. Yapasayo mchungaji na baraza la wazee

Kwanza, tuulize. Tunapomtembelea mama aliye peke yake, pamoja na sala tuulize kwa heshima baba wa watoto yuko wapi, anatoa nini, na alitoa mara ya mwisho lini.

Pili, tujue njia. Madai ya matunzo ya mke yaweza kuanzia mahakama ya mwanzo. Maombi ya matunzo ya mtoto husikilizwa na Mahakama ya Watoto. Kabla ya hapo iko ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, ambako wazazi wengi hupatana na kuweka maandishi. Wako wasaidizi wa kisheria, ambao Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua. Mchungaji si wakili, lakini aweza kuandika barua, kutafuta cheti cha ndoa au cha ubatizo, na kumsindikiza mama siku ya kwanza.

Tatu, mapatano yawe ya maandishi. Yataje kiasi, siku ya kulipa, na vitu visivyo fedha kama vile unga, samaki au sare. Malipo ya simu yana faida ya kuacha kumbukumbu. Anayetoa mkononi atie sahihi katika daftari. Hii humlinda baba mwaminifu sawasawa na mama.

Nne, tusipatanishe mahali penye hatari. Ikiwa mume hupiga au hutisha, kumketisha mke mbele yake ofisini kwa mchungaji ni kumwongezea adhabu. Aelekezwe kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi na kwa afisa ustawi.

Tano, tusiondoe msaada wa diakonia kwa sababu amri imetolewa. Amri ya mahakama haipikwi. Msaada wa usharika upungue pale matunzo yanapofika kweli na kuonekana nyumbani, wala si siku hakimu alipotia sahihi.

Sita, na hili ndilo gumu kuliko yote, tuitazame upya nidhamu yetu ya Kanisa. Binti apatapo mimba nje ya ndoa, mimba yenyewe humshitaki mbele ya wote. Hutengwa na Meza ya Bwana mpaka atakapotubu. Mwanamume hana tumbo la kumshitaki, naye huendelea kuimba kwaya. Hata akijulikana na kuungama, twampokea kundini kwa maneno matupu. Tunapendekeza kwamba mwanamume anayeomba kurudi kundini aulizwe mbele ya wazee: mtoto anakula nini kwako? Neema haiuzwi, na hatusemi kwamba matunzo hununua msamaha. Zakayo hakununua wokovu alipoahidi kurudisha mara nne. Lakini wokovu ulipoingia nyumbani mwake, mikono yake ilifunguka. Toba isiyomfikia mtoto mezani yatutia mashaka.

Hitimisho

Tumeona kwamba ruzuku ya kaya maskini ni tendo la haki la jamii, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yake, hasa sisi wa wilaya ambayo ilikuwa miongoni mwa zile za kwanza kuijaribu. Tumeona pia kwamba ni ndogo, ina masharti, na ina mwisho. Wajibu wa mume kwa mkewe na wa mzazi kwa mtoto una msingi mwingine. Sheria ya nchi yautambua hata pale ndoa ingali hai na hata pale haikufungwa, na Neno la Mungu laufanya kuwa kipimo cha imani yenyewe.

Wahenga walisema kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kazi hiyo ina watu wawili, na mmoja wao akiiacha, jirani, Kanisa na serikali huja kumsaidia aliyebaki. Msaada huo usimfanye aliyeondoka ajione amekwisha kupumzishwa. Watumishi wa Bwana, tuwafundishe hivyo vijana katika kipaimara, tuwaambie hivyo wachumba kabla ya ndoa, na tumwambie hivyo kila baba ajaye kutusalimu baada ya ibada, awe na bahasha nene au nyembamba.